Mtoto wa Wazazi Walioachana

Ndugu waalimu, shauri hili hutujia mara kwa mara huku Geita. Mume na mke wameachana, na mahakama imeamuru mtoto akae na mama yake, baba ampate wakati wa likizo. Likizo imekwisha, baba hamrudishi. Akiulizwa, hujibu, "Nilitoa ng'ombe, mtoto ni wa ukoo wangu."

Kwa desturi ya Wasukuma neno lake lina msingi, maana mahari ndiyo iliyomfungamanisha mtoto na upande wa baba. Wala Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuidharau desturi. Humwagiza hakimu aitazame, pamoja na matakwa ya wazazi, na ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kusema. Lakini juu ya hayo yote imeweka heri ya mtoto. Na aliye chini ya miaka 7 huonwa kuwa yafaa akae na mama, isipokuwa ikithibitishwa vingine. Hakimu akiisha kuyapima hayo, ng'ombe hawahesabiwi tena nyumbani.

Na mama je? Baba aliye machimboni asipoleta fedha za matunzo, yeye humficha mtoto. Hilo nalo si haki. Matunzo hudaiwa mahakamani. Mtoto si rehani. Hali ikigeuka, mahakama yaweza kuibadili amri yake, si mzazi.

Nasi wazee tuna kosa letu: twamwamini aliyetujia kwanza. Mwalimu akiitwa, na aiombe karatasi ya amri, aisome mbele ya wote wawili. Wakikataa kuonana, mzee mmoja amsindikize mtoto siku iliyoandikwa.