MAFUNZO YA WIKI: Kompyuta isipouona mzani wa zamani

Nzega ni njia panda. Barabara itokayo Singida hupita hapa kwenda Isaka na Mwanza, na nyingine huelekea Tabora. Mnunuzi wa mpunga au karanga anayefunga mahesabu kwa kompyuta hukutana na tatizo hili: amenunua kompyuta mpya, lakini mzani na printa ya pini alivyo navyo miaka mingi havionekani kwenye mashine. Fundi anamwambia, "Vimekufa, nunua vingine." Kabla ya kutoa fedha, msomaji azingatie yafuatayo.

Kwa nini havionekani?

Kifaa cha USB hubeba namba mbili, ya mtengenezaji na ya aina ya kifaa. Kikichomekwa, mfumo endeshi husoma namba hizo na kutafuta draiva, yaani programu ya kukiendesha. Kompyuta kujitambulia vifaa kulienea baada ya Windows 95 kutoka Agosti 1995.

Mzani wenye waya wa pini tisa haujitaji. Hutuma uzito tu. Printa nyingi zilizotengenezwa kabla ya kanuni za mwaka 1994 za waya mpana wa printa nazo ni bubu. Kutotambulika, basi, si kufa.

Hatua za kufuata

1. Pima kifaa peke yake. Printa nyingi za pini hujipima ukishikilia kitufe cha kusogeza karatasi huku ukiiwasha. Ikichapa mistari ya herufi, ni nzima.

2. Kompyuta isiyo na tundu la pini tisa huhitaji waya wa kugeuza kwenda USB. Hapa ndipo wengi hupotea: kompyuta itautambua waya, si mzani. Fungua Device Manager uone waya umepewa namba gani, mathalani COM3, uiandike.

3. Ndani ya programu ya mauzo weka namba hiyo, pamoja na kasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha mzani, mathalani 9600. Kasi zisipolingana utapata herufi zisizosomeka, au usipate kitu.

4. Kwa kadi ya zamani iliyofungwa ndani ya kompyuta, nenda menyu ya Action, kisha "Add legacy hardware". Ukiijua aina yake, ichague mwenyewe. Kuiachia kompyuta itafute mara nyingi hakuzai matunda.

Tahadhari

Draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11 ni ya biti 64 tu. Kifaa kinaweza kuwa kizima lakini kikakosa draiva. Hapo ama utumie kompyuta ya zamani bila kuiunganisha na intaneti, ama ukubali kununua kifaa kipya.

Usiruhusu fundi afungue mzani wenyewe. Lakiri ya Wakala wa Vipimo ikikatwa, mzani haufai kwa biashara mpaka uhakikiwe upya.

Hesabu ya mfanyabiashara

Linganisha bei ya waya na bei ya mzani mpya, na uulize habari za draiva kabla ya kulipia kompyuta, si baada. Mtaji wa msimu ni wa kununulia mazao. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao.