Wajue Konokono wa Maji Yako

Mkulima, kando ya mto Nyamasaria na katika mifereji ya mpunga ya Kano wako konokono wengi, nawe huenda huwapita kama kokoto. Lakini baadhi yao hubeba kichocho cha watu, na wengine mnyoo wa ini wa ng'ombe. Bila konokono wake, mdudu wa kichocho hawezi kukua. Leiper alilithibitisha jambo hilo huko Misri mwaka 1915.

Kwanza jilinde. Usiingie majini, maana vijidudu vya kichocho hupenya ngozi kwa dakika chache, hata isiyo na kidonda. Funga chujio kwenye mti mrefu, uvae glavu za mpira, ukachote penye majani ukiwa nchi kavu.

Sasa mtazame. Shika ganda, ncha juu, mlango ukuelekee. Mlango ukiwa kushoto, yaelekea ni Bulinus, awezaye kubeba kichocho cha kukojoa damu. Ukiwa kulia, mpana, tena hauna kifuniko, mshuku kuwa mbebaji wa mnyoo wa ini. Aliye bapa, kama kamba iliyoviringishwa, yaelekea ni Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo. Hicho ndicho kilichowapata waosha magari wa Kisumu waliosimama ziwani kazini. Mwenye kifuniko kigumu mlangoni habebi kichocho chetu.

Kila mwezi, chota mara kumi mahali pale pale. Andika tarehe, mahali, mvua, majani yaliyopo, na hesabu ya kila aina. Usipopata hata mmoja, andika sifuri. Wengi huliacha hili, kumbe sifuri nayo ni habari. Maganda makavu yatie katika kisanduku cha kiberiti pamoja na karatasi ya tarehe na mahali. Ganda lisilo na karatasi ni takataka tu.

Dimbwi likikauka usilifute daftarini, maana konokono wengine hujificha topeni mpaka mvua irudi. Wala usimwage mrututu: huua na samaki.

Ukiona wale bapa wamezidi mahali watoto wanapooga, wazuie watoto leo, usingoje mwezi wa pili. Wachotee maji, uyaweke siku mbili katika pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, ndipo waoge. Ng'ombe nao wanyweshe kwenye hodhi. Kisha mwonyeshe ofisa wa afya daftari lako, na yule wa mifugo pia.