Tarakilishi Iliyokataa Kuamka

Kama ya kwenu ilitoka dukani na waranti yake, makala haya huenda yasikufae sana. Nawaandikia wale ambao tarakilishi zao, kama yangu, ziliunganishwa nyumbani kipande kwa kipande. Kasha langu lilitoka Embu kwa mjomba, likapanda matatu kupitia Chuka hadi kwetu Nkubu. Madabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote, ni ya mtumba. Diski niliinunua kwa pesa za kuokota makadamia likizo ya Aprili.

Basi humo ndimo zilimokuwa hesabu zote za chama cha mama. Yeye ndiye mweka hazina, wanachama ni 22, na mkutano ulikuwa Jumapili. Alhamisi jioni nimetoka shule, nabonyeza swichi, feni zinazunguka vuu! lakini skrini ni giza totoro. Nikapigwa na butwaa. Mama akauliza kutoka jikoni, "Kuna nini tena?" Nikamjibu, "Ni stima, mama. Jana ilipotea ikarudi kwa nguvu." Akakubali, maana kupotea kwa stima si jambo geni kwetu, hata kama mabwawa ya Kindaruma (1968) na Gitaru (1978) yako kwenye Mto Tana, upande wa Mbeere kule Embu. Lakini moyoni nilijua. Jumanne nilikuwa nimeifungua mashine nikaipanguza vumbi, nikaiacha bila waya mpaka siku hiyo.

Jambo la kwanza ni kujua imekwama wapi. Ukibonyeza swichi, pawa saplai huchukua stima ya ukutani, ambayo hapa Kenya ni volti 240, na kuipunguza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kisha prosesa husoma bayosi, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye madabodi. Bayosi hukagua ramu, hutafuta skrini, halafu hutafuta diski. Ni hapo tu ndipo Windows huanza kupakiwa. Kwa hivyo feni zisipozunguka kabisa, anza na soketi, waya na pawa saplai. Zikizunguka bila picha, shuku ramu, prosesa au kadi ya picha. Ukiona maandishi kisha ikagoma, shida iko kwenye diski au mipangilio. Yangu ilikuwa ya kundi la pili.

Kabla sijaendelea, niwaonye wanaonunua pawa saplai za mtumba. Nyingine zina kiswichi chekundu nyuma kilichoandikwa 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye stima yetu, utasikia mlipuko! Na usiifungue pawa saplai yenyewe hata ukishachomoa waya, kwa sababu kapasita za ndani hubaki na umeme unaoweza kukudhuru vibaya.

Haya. Nikachomoa waya, nikashika chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiunguze kitu, nikakagua plagi. Wengi hukumbuka ile kubwa ya pini 24 na kusahau ile ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Bila hiyo feni zitazunguka tu kama za mapambo. Yangu ilikuwa mahali pake.

Mashine za kuunganisha mara nyingi hazina spika ya ndani, kwa hivyo huugua kimya kimya kama bubu. Niliazima kispika cha mashine kuukuu ya rafiki yangu, nikakichomeka. Ikalia piiii, ikanyamaza, ikalia tena piiii. Milio hii haifanani kwa bayosi zote, basi soma jina lililochapishwa juu ya madabodi yako utafute mwongozo wake. Wa yangu ulisema: ramu.

Nikachomoa waya tena, nikatoa ramu zote mbili. Nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa raba ya penseli, nikapuliza. Nilirudisha moja tu kwanza, nikaisukuma mpaka vishikio vya pande zote mbili vikalia ka! Jumanne sikuwa nimesikia hata ka moja, kwa haraka ya kwenda kutazama mpira. Nikawasha. Picha hiyo! Nikazima, nikaongeza ya pili, ikakubali pia.

Furaha haikudumu. Maandishi yalitokea kwamba saa si sahihi, na kwamba hakuna diski ya kuanzia. Jamani, diski yenye pesa za watu!

Kumbe ni betri. Katika madabodi kuukuu, betri bapa kama sarafu, ya aina ya CR2032, hutunza saa na mipangilio mashine ikiwa haina stima. Betri nzima huwa na volti 3. Ijumaa fundi wa redio aliipima yangu akapata 1.9. Siku mbili bila waya zilitosha kuifanya mashine isahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani, yaani kutafuta flashi kwanza. Na flashi yangu ya nyimbo ilikuwa imechomekwa hapo nyuma! Nikaitoa, nikaweka betri mpya, nikaingia kwenye mipangilio kwa kubonyeza Del (nyingine hutaka F2), nikatanguliza diski na kurekebisha tarehe. Ilikuwa inasema ni Januari 1, 2009.

Windows ikafunguka. Hesabu zote zilikuwepo. Nikamwita mama, nikamwambia na habari za Jumanne. Alinyamaza kidogo, akanitazama, kisha akaleta daftari na kalamu. "Wewe soma," akasema, "mimi naandika."

Tulipofika jina la kumi na saba, stima ikapotea. Yaliyosalia tuliyamaliza Jumamosi.