Kubadilishwa Kitanda si Kulazwa Upya

Huenda umewahi kumuuguza mtu wa kwenu hospitalini, na karani akakuuliza, "Mgonjwa huyu amelazwa mara ngapi?" Swali hilo laonekana jepesi, lakini wengi hulijibu vibaya. Leo tujifunze kulijibu, kwani jibu lako linaweza kumwokoa mgonjwa au kumdhuru.

Tuanze na kanuni yenyewe. Kulazwa huanza daktari anapoamua ubaki hospitalini na jina lako likaandikwa katika daftari la wagonjwa waliolazwa. Huisha unaporuhusiwa kwenda nyumbani, unapohamishiwa hospitali nyingine, unapoondoka kinyume cha ushauri wa daktari, au mgonjwa anapofariki. Yote yanayotokea katikati huhesabiwa kuwa mara moja.

Chukua mfano wa dereva aliyepata ajali. Anapasuliwa usiku huo, anakaa siku 4 katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha siku 8 katika wodi ya wanaume. Ametibiwa na madaktari watatu na kulalia vitanda viwili. Hata hivyo amelazwa mara moja tu, kwa siku 12.

Sasa tuseme dereva huyo aliruhusiwa asubuhi, akafika nyumbani, kidonda kikaanza kutoka damu, akarudishwa jioni na kulazwa. Hata kama kitanda chake kilikuwa bado kitupu, hiyo ni mara ya pili. Faili na nambari yake ya mgonjwa zapaswa kubaki zile zile, ila tarehe ya kulazwa ni mpya.

Vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua. Akiruhusiwa kwenda nyumbani na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati akabaki katika chumba cha watoto wachanga, kulazwa kwa mama kumekwisha, lakini kwa mtoto kungali kunaendelea. Kila mmoja ana rekodi yake.

Kwa nini tujisumbue na hesabu hii? Tuseme wagonjwa 10 walilazwa, kila mmoja akahamishwa wodi mara moja, na karani akawaandika upya kila walipohama. Daftari litaonyesha watu 20. Ikiwa 2 walifariki, ukweli ni kwamba wawili katika kila kumi walikufa, lakini daftari litasema mmoja katika kumi. Hospitali itajisifu bure, na hitilafu iliyowaua wale wawili haitatafutwa.

Mataifa mengine yameliwekea jambo hili kanuni. Nchini Uingereza, muda wote tangu mgonjwa alazwe hadi aruhusiwe huhesabiwa kuwa kipindi kikuu kimoja, na ndani yake huwekwa vipindi vidogo kila anapokabidhiwa daktari bingwa mwingine. Nchini Marekani, tangu Oktoba 2012, mpango wa bima wa serikali unaowahudumia wazee hupunguza malipo ya hospitali ambazo wagonjwa wake wa maradhi kama vile nimonia na udhaifu wa moyo hurudi kulazwa kupita kiasi katika siku 30 baada ya kuruhusiwa.

Lakini angalia hapa, msomaji. Daftari laweza kusema ni kulazwa kupya, ilhali ugonjwa ni ule ule. Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ya wilaya, mwanamume mmoja alirudishwa usiku akihema, siku 4 baada ya kuruhusiwa. Karani hakuipata faili ya kwanza, akafungua nyingine. Niliposoma kwamba hajawahi kulazwa, niliandika adungwe penisilini. Mkewe akaniambia, "Daktari, ile sindano ya juma lililopita ilimvimbisha midomo na koo." Nikakata dawa ile na kuandika nyingine. Bila mama yule, nusura nimuue mgonjwa kwa kalamu yangu.

Kwa hivyo fanya haya:

1. Usiondoke hospitalini bila karatasi ya kuruhusiwa. Iwe na tarehe ya kulazwa na ya kutoka, jina la ugonjwa, dawa ulizopewa na zile zilizokudhuru.

2. Ukirudi, jambo la kwanza kumwambia muuguzi ni siku uliyotoka. Usingoje kuulizwa.

3. Tumia majina yale yale na nambari ile ile ya kitambulisho kila uendapo. Anayeandikwa leo kwa jina la baba na kesho kwa jina la babu huishia kuwa na faili mbili.

4. Ukihamishiwa hospitali nyingine, utaandikwa upya huko. Hakikisha barua ya rufaa imesafiri nawe, wala si katika mfuko wa jamaa aliyebaki nyumbani.

5. Kabla ya kulipa, linganisha tarehe zilizo katika bili na zile za karatasi yako. Ukiona umeandikiwa kulazwa mara mbili ilhali ulihamishwa wodi tu, uliza. Ni haki yako, awe analipa ni wewe mwenyewe au ni bima.

Karani huandika anachoambiwa, na daktari wa zamu husoma kilichoandikwa. Anayeijua safari yote ya mgonjwa, tangu siku ya kwanza, ni wewe uliyekaa kando ya kitanda. Sema.