Kabla Hujanunua Prosesa

Kila likizo ikikaribia naulizwa swali lile lile: "Ninunue i5 au i7?" Muulizaji ana kompyuta iliyochoka na fedha ya kuungaunga, na ameshaambiwa na rafiki kwamba dawa ni prosesa. Mimi huanza kwa kumuuliza kompyuta yake inakwama wapi. Mara nyingi hajui, na asiyejua atalipia kitu kisichomsaidia.

Mimi ni mwenyeji wa Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kusini kidogo ya mto Ruvuma. Kwetu jambo hili lina uzito wake. Kifaa kikinunuliwa Kariakoo na kisiingie kwenye mashine, kukirudisha ni kuvuka Ruvuma tena, kupita Kilambo na Mtwara, na nauli inaweza kuzidi bei ya kifaa chenyewe. Baada ya shambulio la tarehe 24 Machi 2021, ambapo maduka na benki za mji viliporwa na kuharibiwa, waliorejea walianza upya kwa vitu vya mtumba. Kompyuta moja ya kuchapa barua na kutoa nakala ndiyo inayolisha nyumba. Mmoja wa hao ni ami yangu, na somo hili nitalijenga juu ya mashine yake.

Ami alinipigia simu: "Mwanangu, ukija niletee i7. Hii mashine inanitia aibu mbele ya wateja." Nikamwambia, "Ami, kabla ya yote bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, halafu nisomee unachokiona." Kwake Windows ni ya Kireno, kwa hiyo dirisha linalofunguka linaitwa Gestor de Tarefas. Humo mna safu tatu za kutazama: prosesa, kumbukumbu na diski. Zitazame wakati kompyuta imelemewa, si wakati imetulia. Kwa ami, prosesa ilikuwa kwenye asilimia 20 hivi, kumbukumbu 90, na diski 100 bila kushuka. Prosesa yake ilikuwa imekaa ikisubiri kuletewa kazi. Ukimwekea i7 hapo, i7 nayo itasubiri.

Sababu ni hii. Diski kuu ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaotafuta, na kila ikitafuta faili hutumia takriban milisekunde 10. SSD haina kinachozunguka, nayo hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Windows inapowaka hufungua maelfu ya faili ndogondogo, basi fanya hesabu mwenyewe. Halafu kumbukumbu, yaani RAM, ikijaa, kompyuta huanza kuitumia diski kama RAM, na diski iliyokuwa imechoka ndiyo inabebeshwa mzigo wa pili. Ndiyo maana mashine yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka hukwama hata kwa kurasa tatu za intaneti.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni SSD kwanza, hata ya GB 240, kisha RAM ifike GB 8, ndipo tuzungumze prosesa. Diski ya zamani usiitupe kama bado nzima. Kwenye kompyuta ya mezani ibaki ndani kama ghala la nakala za akiba, na tasnifu yako iwe humo pia.

RAM ina mitego yake. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, kwa sababu ile ya mezani ina pini 240 na hii 288, na pengo lake liko mahali tofauti. Ya laptopu ni fupi kuliko ya mezani. Ukiweza, weka vipande viwili vya GB 4 vinavyofanana badala ya kimoja cha GB 8. Ubao mama ukiruhusu, viwili husomwa kwa pamoja, jambo linalosaidia hasa pale ambapo picha ya skrini inatengenezwa na prosesa yenyewe bila kadi, kwa maana hapo picha nayo inakula kwenye RAM hiyo hiyo.

Sasa prosesa. Jina "i7" peke yake halikuambii kitu. Chukua mfano wa laptopu mbili utakazozikuta sokoni leo. Moja ina i7-7500U, ya mwaka 2016, nyingine i5-8250U, ya mwaka 2017. Zote zimepangiwa wati 15. Ile i7 ina viini viwili, na i5 ina vinne. Muuzaji atakutajia bei ya juu kwa sababu ya namba 7, na pengine naye anaamini. Wewe soma tarakimu inayofuata kistari: 7 ni kizazi cha saba, 8 ni cha nane. (Kwa cha kumi na kuendelea, soma tarakimu mbili.) Tofauti hiyo ina jambo jingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa orodha yake rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi, au Ryzen nyingi za kuanzia namba 2000. Chini ya hapo, kwa mtu wa kuandika na kusoma, mimi humwekea Linux Mint na LibreOffice. Ni halali, ni bure, na humwondolea mtu ile Windows ya wizi iliyojaa virusi.

Na kabla hujalipia prosesa ya laptopu, jua kwamba karibu zote zenye herufi U mwishoni zimechomelewa kwenye ubao mama. Hazibadilishwi. Fundi anayekuahidi kukubadilishia, mwache.

Kwenye mezani inawezekana, lakini anayeamua ni soketi. Mashine ya ami ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. (Jina hilo hilo Dell walilitumia tena miaka mingi baadaye, angalia usichanganye.) Soketi yake ni LGA 1155, inayopokea vizazi vya pili na vya tatu tu. Ndani mlikuwa na i3-3220, viini viwili. Ningeweza kumpeleka kwenye i5-3470, viini vinne, au i7-3770, viini vinne vyenye nyuzi nane za kazi. Kwa kuchapa, kuskani na kukata picha za pasipoti, nyuzi nne za ziada hazina kazi. Mwanafunzi wa usanifu au wa kuhariri video atazitumia, na kwake i7 hiyo ina maana, ingawa hapo ningemuuliza kama fedha hiyo isingetosha kuongezea mashine nyingine ya kizazi cha nane. Hiyo i3-8100 tu ina viini vinne kamili.

Soketi ya kuogopa ni LGA 1151. Vizazi vya sita na saba vinaitumia, vya nane na tisa vinaitumia, na prosesa ya kizazi cha nane huingia vizuri kabisa kwenye ubao wa kizazi cha sita. Itakaa, feni itafungwa, na mashine haitawaka. Upande wa AMD, soketi ya AM4 imekuwa na umri mrefu, na ubao wa zamani mara nyingi hupokea Ryzen za namba 5000 baada ya kusasisha BIOS. Ila kama huna kadi ya picha, tafuta yenye G mwishoni, kama 3200G au 5600G. Ryzen nyingi za AM4 zisizo na G hazitoi picha. Kwa Intel ni kinyume: herufi F mwishoni ndiyo isiyo na picha.

Ukinunua mtumba, jaribu mbele ya muuzaji. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Na wewe unayeuza laptopu yako kwa mwenzako wa bweni, kumbuka lile fungu la chakula sokoni Madina ambalo Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, aliingiza mkono akakuta chini kumelowa. Betri inayokaa dakika kumi ni kule chini kulikolowa. Sema. Na mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo, fiqhi inampa khiyari ya kurudisha. Si hisani yako hiyo, ni haki yake.

Limebaki suala la umeme, ambalo watu wa mijini hulisahau. Betri ya amp-saa 100 ya volti 12 ina wati-saa 1,200. Ukiitumia nusu ili idumu, na inveta ikachukua fungu lake, unabaki na kama 500. Tuseme mashine ya mezani na skrini yake zinakula wati 100: saa tano. Laptopu ya wati 25: saa ishirini. Wati zilizoandikwa kwa prosesa, 77 kwa ile i5-3470, ni kiwango cha joto inapofanya kazi kwa nguvu, si ulaji wa kila wakati, lakini zinakupa picha. Mwenye sola atafute mashine ndogo zenye prosesa ya herufi T, kama i5-6500T ya wati 35, badala ya ile i5-6500 ya wati 65.

Ami alipata SSD, vipande viwili vya RAM na i5-3470, pamoja na pesti ya joto, ile dawa ya kijivu ipakwayo kati ya prosesa na chuma cha feni. Ya zamani ilikuwa imekauka kama chokaa. Ndani ya kasha mlikuwa na vumbi lililoshikana kwa chumvi ya bahari, nikalitoa kwa brashi laini, na meza nikaisogeza mbali na dirisha la upande wa pwani.

Kwa atakayepeleka mashine upande ule, mambo mawili ya mkononi. Soketi za ukutani za Msumbiji si zile za pini tatu bapa za Tanzania, kwa hiyo nunua waya wenye plagi ya pini za mviringo. Na ukikuta mashine ya mtumba ina swichi nyekundu mgongoni penye umeme, imeandikwa 115 na 230, hakikisha iko kwenye 230 kabla hujachomeka.