Je, Kupima Saratani ni Kukosa Imani?



Wapendwa vijana, binti mmoja wa VIWAWA aliniuliza: "Frateri, namwomba Mungu aniepushe na saratani. Nikienda kupima, si namjaribu Mungu?" Swali zuri. Tulijibu kwa hatua.

1. Kumjaribu Mungu ni nini?
Soma Mathayo 4:5-7. Shetani alimtaka Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake. Yesu alikataa. Basi anayemjaribu Mungu ni yule anayeiacha ngazi iliyopo akaruka, akidai muujiza. Kipimo ni ngazi. Yoshua bin Sira sura ya 38 anatuagiza kusali tunapougua, na papo hapo kumpa tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ametoka kwa Mungu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anahesabu kuona mbele kuwa sehemu ya fadhila ya busara. Kwa hiyo kujikinga ni fadhila, siyo woga.

2. Tuujue ugonjwa
Tuchukue saratani ya mlango wa kizazi. Karibu mara zote huletwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, hadi kugeuka saratani, na mwanzoni hakuna dalili yoyote. Hapo ndipo kipimo kinaokoa: mhudumu hupaka siki maalumu, na sehemu iliyobadilika huonekana nyeupe. Ikigundulika mapema hutibiwa kabla haijawa saratani. Ukingoja mpaka damu itoke bila mpangilio au nyonga ziume, huenda umechelewa.

Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupima wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na VVU waanze na miaka 25. Kwa mabinti ipo chanjo: Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Haiondoi uzazi kama wanavyosema mtaani.

3. "Lakini chanjo si inaruhusu uzinzi?"
Hapana. Wito wa usafi wa moyo uko palepale. Ila fikiri: mke mwaminifu kabisa anaweza kuambukizwa na mumewe. Tusimhukumu mgonjwa kwa ugonjwa wake. Soma Yohane 9:1-3. Na ninyi kaka zangu, hili siyo jambo la wanawake peke yao. Kirusi hicho tunakibeba na sisi.

4. Na aliyekwisha kuugua?
Usimfiche ndani, wala usimwachishe dawa kwa jina la maombi. Mpeleke hospitali, mwitie na padre. Mpako wa Wagonjwa siyo tiketi ya kufa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba si wa wanaokata roho tu. Mtakatifu Peregrine Laziosi, msimamizi wa wagonjwa wa saratani, aliugua kidonda kibaya mguuni. Tumwombe.

Zoezi la wiki: Mwulize mama, dada au shangazi yako kwa heshima: "Umeshapima?" Kama anaogopa kwenda peke yake, msindikize.

Sala: Ee Bwana, utupe busara ya kuutunza mwili uliotupa, na moyo wa kukaa na wanaoumwa. Amina.