Somo la Tisa: Mtoto Huanza Kuhesabu kwa Mikono



Katika somo hili tutajifunza jinsi mzazi anavyoweza kumsaidia mtoto wa darasa la kwanza au la pili kuhesabu. Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji vitu vilivyopo nyumbani na uani, na robo saa kila siku. Kwanza soma habari hii.

1. Mtoto aliyeimba namba

Jioni moja mama mmoja alichelewa kufika katika darasa letu la kisomo. Alipoingia, uso wake ulikuwa na huzuni. Tukamwuliza, "Mama, kuna nini nyumbani?"

Akajibu, "Ni huyu mwanangu wa darasa la kwanza. Mbele ya wageni anahesabu moja mpaka mia bila kukosea. Leo nimemtuma shambani alete mahindi tisa ya kuchoma. Ameleta sita. Nikamwambia, 'Hesabu tena, mwanangu.' Akahesabu upesi upesi mpaka tisa, huku kidole kinarukaruka. Baba yake amekasirika. Amesema mtoto huyu hana akili ya shule, afadhali akachunge mbuzi."

Darasa likanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Mtoto hana kosa. Sisi wenyewe tulipoanza kisomo tuliimba a, e, i, o, u. Mwalimu alipoonyesha herufi moja peke yake, hatukuitambua." Watu wakacheka, maana ilikuwa kweli.

Mama yule alikubali kujaribu shughuli utakazosoma hapa chini. Baada ya wiki kadhaa alitupa habari. Baba alikuwa anajenga banda la kuku. Akamtuma mtoto alete fito 12. Mtoto alizileta zote. Akazipanga kumi mahali pamoja na mbili pembeni. Akasema, "Baba, hili kumi, na hizi mbili." Baba hakutaja mbuzi tena. Mtoto bado alikosea namba zilizopita 20, lakini alibaki shuleni.

2. Kwa nini alikosea?

Kutaja namba ni kazi moja. Kuhesabu vitu ni kazi nyingine. Anayehesabu vitu lazima ajue mambo manne:

(a) Namba hutajwa kwa mpango uleule kila mara.
(b) Kila kitu hupewa namba moja tu. Hakirukwi wala hakihesabiwi mara mbili.
(c) Namba ya mwisho ndiyo idadi ya vitu vyote.
(d) Ukivitawanya au ukivikusanya, idadi haibadiliki.

Mtoto wetu alijua jambo la kwanza tu. Mengine hayapatikani kwa kuimba. Hupatikana kwa kushika vitu na kuvihamisha.

Nchi yetu imefanya kazi kubwa ili watoto waingie shule. Mwaka 1977 ulianza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Mwaka 2002 ada ya shule za msingi iliondolewa. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa, mkazo ukawekwa katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Lakini kuandikishwa si kujifunza. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kutazama kidole cha kila mtoto. Wewe unaweza.

3. Shughuli nne

Kokoto na bakuli. Okoteni kokoto tisa. Zipange chini. Mtoto achukue moja, aitie katika bakuli, aseme "moja". Achukue nyingine, aseme "mbili". Asitaje namba kabla ya kokoto kuingia. Zikiisha, mwulize, "Ziko ngapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajaelewa jambo la tatu. Usimkemee. Rudieni kesho kwa kokoto chache zaidi.

Mafungu ya kumi. Kusanyeni vijiti vingi. Kila vikifika kumi, vifungeni kwa ugwe wa mgomba. Vijiti 34 ni mafungu matatu na vijiti vinne. Sasa andikeni 34 chini kwa kidole. Mwonyeshe kwamba 3 ni mafungu, na 4 ni vijiti visivyofungwa. Hapo mtoto ataona kwa nini 34 si sawa na 43.

Bao. Bao letu lina safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Mashimo yote ni 32 na kete ni 64. Mtoto hana haja ya kujua mchezo wote. Chimbeni mashimo manane katika mchanga. Mpe kete 16 azigawe sawasawa. Kila shimo litapata mbili. Mpe 24, kila shimo litapata tatu. Hivyo ndivyo mtoto anavyoanza kugawanya na kuzidisha.

Kivuli cha kijiti. Simikeni kijiti uani, mahali penye jua. Saa mbili asubuhi mtoto apime kivuli kwa nyayo zake, kisigino kiguse kidole. Aandike namba chini. Apime tena saa sita mchana na saa kumi jioni. Mwulize, "Kivuli kirefu ni kipi? Kimezidi kwa nyayo ngapi?" Tazameni pia upande. Katika nchi yetu, mchana wa mwezi wa Juni kivuli huelekea kusini, kwa kuwa jua liko upande wa kaskazini. Mwezi wa Desemba huelekea kaskazini. Mtoto atajifunza hesabu na pande za dunia kwa kijiti kimoja.

4. Mambo ya kukumbuka

Usimpige mtoto anayekosea hesabu. Mtoto mwenye hofu hubahatisha ili ayamalize.

Akijibu, hata akipata, mwulize, "Umejuaje?" Swali hili linaweza kuulizwa hata na mzazi ambaye bado anajifunza kuandika.

Usimkataze kuhesabu kwa vidole au kokoto. Akielewa, ataviacha mwenyewe.

Weka kokoto na kete mbali na watoto wachanga. Wanaweza kuzimeza au kupaliwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Robo saa kila jioni inafaa kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi.

5. Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mtoto alileta mahindi sita badala ya tisa?
2. Baba alitaka kumtoa shuleni. Ungekuwa jirani yake, ungemwambia nini?
3. Ni kazi gani za nyumbani kwako zinazoweza kumfundisha mtoto kuhesabu? Taja tatu.

Zoezi

Leo jioni mpe mtoto wako, au wa ndugu yako, kokoto kumi na mbili azihesabu. Tazama kidole chake. Andika katika daftari sentensi mbili juu ya ulichokiona. Kila mmoja atasoma sentensi zake mbele ya wenzake tutakapokutana.